Kitabu chako kimezeeka, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeitazama picha ya ukurasa uliyonitumia, ule uliokufanya useme huna kichwa cha kompyuta. Tazama mfano wa kwanza: neno print, linaloiamuru kompyuta ionyeshe kitu kwenye skrini, halina mabano. Kitabu hicho ni cha Python 2, toleo la zamani la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambalo waundaji wake waliacha kulihudumia tangu Januari 1, 2020. Kompyuta yako ina Python 3, na hiyo bila mabano inakataa. Umeandika sawasawa na ulivyofundishwa. Kilichopitwa na wakati ni kitabu. Siku nyingine anza kwa kuangalia mwaka wa toleo.

Naliandika hili kwa uchungu kidogo, maana nami nilianza na kitabu kisichonifaa. Nilipewa kile cha C, lugha nyingine ya programu, cha Kernighan na Ritchie, kilichotoka mwaka 1978. Ni kitabu bora sana, chembamba, kila sentensi ina kazi. Lakini waandishi wenyewe wanasema katika dibaji kwamba si cha kumfundisha mtu programu tangu mwanzo. Dibaji sikuisoma. Nilikisoma miezi miwili nikidhani naelewa, hadi nilipotaka kuandika mistari kumi ya kwangu, ikanishinda.

Wewe chukua Think Python cha Allen Downey. Kinasomwa bure kwenye intaneti, na mwisho wa kila sura istilahi mpya zinaelezwa kwa maneno mepesi. Kuna pia sehemu ya kutafuta makosa. Usiiruke, tafadhali, kwangu mimi hiyo ndiyo inayokipa kitabu thamani. Kila mfano uuandike kwa vidole vyako, usinakili na kubandika. Ukishakubali kufanya kazi, uharibu makusudi: ondoa nukta mbili, kosea jina la kigeu, yaani jina linalobeba thamani, uone kompyuta inajibu nini.

Ukichoka kuandika, soma Code cha Charles Petzold, cha mwaka 1999. Kinaanza na marafiki wawili wanaozungumza usiku kwa mwanga wa tochi, kikaendelea taratibu hadi kwenye kompyuta nzima. Hicho unaweza kukisoma ukiwa umelala kitandani.

Cha tatu usitafute kwanza.

Na ukikwama, nitumie ujumbe wa kosa wote. Kabla ya kunitumia, usome wewe kuanzia mstari wa mwisho, kwani hapo ndipo Python hutaja aina ya kosa.

Mzazi wako