Tufungulieni vyumba vichache vya Ikulu ya Magogoni

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu White House niliifurahia, ila ilinitia wivu. Sasa wasomaji wako wanajua kuwa nyumba ya Rais wa Marekani ina vyumba 132 na mabafu 35. Muulize mtu yeyote pale Feri, Dar es Salaam, kuhusu Ikulu yetu ya Magogoni, hatua chache tu kutoka soko la samaki: atakutajia tausi wa bustanini, basi.

Lakini idadi ya vyumba si kitu. Utamu uko kwa watu waliokaa humo, na hapo mwandishi wenu alipita mbio. Theodore Roosevelt aliingia mwaka 1901 na watoto sita. Enzi hizo ofisi za Rais na vyumba vya kulala vya familia vilikuwa ghorofa moja, kwa hiyo mgeni wa serikali na watoto watundu walitumia korido ile ile. Mmoja wao, Archie, alipougua, farasi wake mdogo alipandishwa kwa lifti akamjulie hali chumbani! Mwaka 1902 ofisi zikahamishiwa jengo la pembeni, ndilo hilo la West Wing tunalolisikia kwenye habari. Jiko na chumba cha kulia cha familia huko ghorofani vilitengenezwa mwaka 1961, wakati wa Jacqueline Kennedy. Na chakula cha familia Rais hulipia mwenyewe. Bili humfikia kila mwezi. Akina Obama walikaa na mama yake Michelle, aliyesaidia kulea wajukuu. Hilo la bibi kuhamia kulea wajukuu, nadhani sisi hatuhitaji kufafanuliwa.

Sasa tuje Magogoni. Nyumba ya gavana wa Kijerumani ilipigwa mizinga ya manowari za Waingereza mwaka 1914, kisha Waingereza hao hao wakaijenga upya, ikakamilika mwaka 1922. Uhuru ulipokuja ikawa yetu. Mwalimu Nyerere hakuipenda kama makazi. Alijenga Msasani na miaka mingi ya urais wake alilala huko, Ikulu akienda kazini. Kwa nini? Alitaka watoto wakulie wapi? Chakula cha wageni kilipikwa wapi na nani? Wapo wapishi, madereva na watunza bustani wastaafu katika jiji hili wenye majibu, na kila mwaka tunazika baadhi yao.

Sisi wa Kigamboni tuna swali letu la ziada. Askari wa kambi ya Colito walipoasi tarehe 20 Januari 1964, Mwalimu na makamu wake, Mzee Kawawa, waliondolewa Ikulu wakavushwa upande wetu, wakafichwa. Walitokea mlango gani? Nani alibaki ndani? Tunavuka maji yale yale kila asubuhi kwenda kibaruani, na mwanangu wa darasa la sita hajawahi kufundishwa jambo hilo.

Ombi langu ni dogo. Shughuli nyingi za Rais zimehamia Chamwino, Dodoma, ambako Ikulu mpya ilizinduliwa Mei 2023. Magogoni bado inatumika, naelewa, lakini si kila chumba na si kila siku. Tufungulieni ukumbi mmoja au miwili, na kipande cha bustani.

Najua nitajibiwa usalama. Hata hao Wamarekani hawaonyeshi kila kitu: mgeni hutembezwa kumbi za taifa, ghorofa za familia hagusi. Ombi hupitia kwa mbunge wake, tena mapema, na majina hukaguliwa. Sisi watu wa pwani tunaujua mpaka huo tangu zamani. Mgeni huishia barazani na hakuna anayeona amedharauliwa. Sitaki kuona kitanda cha mtu.

Tena si jambo geni kwetu. Unguja, kasri ya Sultani pale Forodhani ilifanywa makumbusho mwaka 1994, na watu wameona samani za wake wawili wa Sultani Khalifa, kila mmoja na ladha yake. Magomeni tumeingia katika nyumba ya Mwalimu. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert wameweka hata magari aliyopanda. Gari tumeliona, meza aliyokalia kuandika je?

Makumbusho ya Taifa wako karibu kabisa na Ikulu na kazi hii wanaijua. Waombe kibali, waanze na kurekodi simulizi za wastaafu, halafu Jumamosi moja kwa mwezi waingize wanafunzi wa shule za msingi. Za Kigamboni zikitangulia sitalalamika.

Mkazi wa Kigamboni,
Dar es Salaam