Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Maweni ya Ras Kigomasha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi, wavuvi na wakulima wa Makangale mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima wa afya. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana kwetu, ncha ya kaskazini ya Pemba. Umekuja kwa barabara ya Konde, umekatisha Msitu wa Ngezi, kwa hiyo sehemu ya tunayotaka kukueleza umeshaipita kwa macho yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeona leo tusikusomee orodha ya kazi za klabu. Tumechagua kuzungumzia kipande kimoja cha ardhi ambacho watu wengi wanakiona hakina faida: maweni ya Ras Kigomasha. Mkulima akioneshwa shamba la maweni hugeuka akarudi kwao. Jembe halizami, maji ya mvua hayatuami, na mtu akitembea peku hafiki mbali, maana jiwe lile ni kali kama mbuzi ya kukunia nazi. Ndiyo maana ardhi hii imeachiwa wakata kuni, wachoma makaa na wachimba mawe. Sisi tunasema rasi hii ni mali, na tunaomba utusikilize kwa nini.

Jiwe lenyewe lilikuwa matumbawe hai. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu kuliko ilivyo sasa, na miamba ya matumbawe ikajijenga chini ya maji. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa mawe ya chokaa. Tangu hapo mvua inayalamba kutoka juu, ikiyatoboa mashimo na kuyachonga ncha, na mawimbi yanayala kutoka chini. Ukishuka pwani maji yakiwa yamekupwa utaona ukingo wote umeliwa kwa ndani, juu umetokeza mithili ya baraza. Ukichunguza ukuta wa jiwe utaziona nyota za matumbawe ya zamani, zimekaa kwa mistari kama zilivyokuwa baharini. Hapo hapo chaza wameng'ang'ania, na kaa wa mwambani wanakimbia huku na huku, ukinyoosha mkono wameshaingia ufani.

Juu ya mwamba huo kumeota msitu. Mwanafunzi wa darasa la kwanza angeuliza miti inakula nini pasipo na udongo. Udongo upo, ila umejificha kwenye vishimo, kila kishimo na kiganja chake cha majani yaliyooza. Mizizi inapenya nyufa mpaka inakofikia unyevu. Mti wa maweni unakua polepole mno. Shina la unene wa mkono linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wetu sisi tunaosoma risala hii. Likikatwa, jua linapiga kile kiganja cha udongo, mvua ya masika inakisomba, na mwamba unabaki mtupu. Kwenye shamba la udongo mti uliokatwa huchipua, na mwengine hupandwa. Maweni hayasamehe haraka namna hiyo.

Pembezoni kabisa, panapopiga chumvi, umesimama mkadi juu ya mizizi yake mirefu. Mama zetu wanaujua kwa harufu ya ua lake, linalotiwa kwenye vikuba pamoja na asumini na rehani. Ukiingia ndani kuelekea Ngezi, jiwe linapotea, udongo wa mchanga unaanza, na miti inapanda juu sana: mivule, mipapindi, na mikindu penye majimaji. Hifadhi ya Ngezi ina hekta zipatazo 1,440. Ndiyo sehemu kubwa iliyosalia ya msitu wa asili ambao zamani ulifunika kisiwa, kabla ya mashamba ya mikarafuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Pemba si sawa na Unguja. Unguja iliungana na bara nyakati ambazo bahari ilishuka. Baina yetu na bara upo mkondo wenye kina kinachofikia mita 800, na kisiwa kimekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Kwa sababu hiyo tunao ndege wanne ambao duniani makao yao ni Pemba: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na yule bundi mdogo anayeita usiku kule Ngezi kwa sauti moja fupi, akinyamaza kidogo na kuita tena. Kitu ambacho Mungu amekiweka hapa, kikitoweka hapa hakuna pa kwenda kukiomba.

Na yupo popo wetu, ambaye tunakuomba umpe dakika chache zaidi, kwa sababu anasemwa vibaya. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yake yakifunuliwa yanafika mita moja na nusu na zaidi. Jamaa zake wako Mafia, Komoro na Madagaska; bara la Afrika hawapo kabisa. Hali damu wala hali wadudu. Chakula chake ni maua na matunda: embe, mashelisheli, kungu, matunda ya mikuyu. Huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliwindwa na misitu ikakatwa hadi ikahofiwa kwamba amekwisha. Kilichomwokoa ni watu wa vijijini wenyewe, walioanzisha klabu za kulinda miti anayolala, na pia heshima ya makaburi, kwani makundi mengi hulala kwenye miti mikubwa ya makaburini ambayo hakuna anayethubutu kuikata. Hesabu ya mwaka 2007 ilionesha popo zaidi ya 20,000. Wazee, hayo ni mafanikio yenu, na hatusikii yakisemwa vya kutosha.

Popo huyu ndiye mpandaji miti wa maweni. Anachuma tunda, anaruka nalo, anafyonza maji na kutema makapi, na mbegu ndogondogo zinadondoka pamoja na kinyesi chake anakopita. Binadamu hawezi kwenda kuotesha mche kwenye kishimo cha jiwe kule rasini. Popo anaweza, na hatudai nauli. Kwa hiyo anayemlinda popo lakini anakata maweni hajalinda kitu, na anayelinda maweni huku popo akipigwa manati naye ni vivyo hivyo.

Upande wa mashariki, Vumawimbi, kasa hupanda usiku kutaga. Mama huchimba shimo, hutaga mayai yanayoweza kupita mia, hulifukia na kurudi baharini. Baada ya kiasi cha miezi miwili watoto hutoka na kufuata upande wenye mwangaza, ambao kwa asili ni bahari. Taa kali ikiwa nchi kavu huwapoteza, wakaishia vichakani ambako kunguru na chonjwe wanawangoja. Upande wa magharibi, mnara wa chuma uliojengwa mwaka 1900 bado umesimama kuonesha vyombo njia, na msimu wa kusi nyangumi hupita na watoto wao mbele yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi, na la kwanza ndilo zito. Wazazi wetu wanaokata kuni maweni hawafanyi hivyo kwa kupenda. Chungu lazima kiinjikwe. Tunaomba utusaidie kupata mbegu za mivinje na miti mengine ya kuni ipandwe kwenye ardhi yenye udongo karibu na majumba, na akina mama wafundishwe kujenga majiko banifu. Bila hilo, kumwambia mtu asikate ni kumwambia alale na njaa. Machimbo ya mawe nayo yawekewe mipaka inayoonekana, ili kila mtu ajue mwisho wake ni wapi. Wenye majengo ya ufukweni waombwe kuzima au kuzifunika taa zinazoelekea mchangani wakati wa kasa. Na vijana wanaomaliza skuli hapa wafunzwe kutembeza wageni msituni, kwa sababu leo mgeni anakuja kumtazama bundi wetu huku kijana wa Makangale akibaki barazani.

Ombi la klabu yenyewe ni dogo: darubini, hata mbili, na kitabu cha ndege, ili tuweze kuandika tunachokiona kila mwezi na kukikabidhi kwa watu wa misitu.

Baada ya chakula maji yatakuwa yamekupwa. Kama muda wako utaruhusu, wanafunzi wa klabu watakupeleka mpaka chini ya mnara. Tunakuomba uvae viatu vigumu.

Tunaomba kuwasilisha.