Miaka minne isiwe amri ya kumtenga mtoto na mamake

Mhariri,

Kila wahisani wanapozuru Gereza la Wanawake la Lang'ata tunaonyeshwa picha za sodo, maziwa na watoto wakipewa peremende. Sina neno na misaada. Neno langu ni juu ya kifungu cha 30 cha Sheria ya Magereza (Sura ya 90), ambacho siku hizo hakitajwi na yeyote.

Kifungu hicho kinamruhusu mfungwa kuingia na mwanawe mchanga, naye mtoto aweza kuvishwa na kutunzwa kwa pesa za umma. Lakini atakaa humo hadi atimize miaka minne, au hadi mipango ya malezi yake nje ikamilike, lolote litakalotangulia. Hapo ndipo penye shida. Mtoto akitimiza miaka minne kabla hajapatikana nyanya au shangazi wa kumlea, muda wake umekwisha. Na jamaa wakiwa walishamkana mama tangu siku ya hukumu?

Kanuni za Bangkok juu ya wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, haziendi kwa kalenda. Kanuni ya 52 inataka hali ya kila mtoto ipimwe kivyake, atolewe tu pale mlezi amepatikana, kisha awezeshwe kuonana na mamake. Wapo watakaosema hizo si sheria za Kenya. Wasome basi kifungu cha 51(3) cha Katiba: Bunge limeagizwa kutunga sheria ya kuwatendea wafungwa kiutu, tena kwa kuzingatia makubaliano ya kimataifa ya haki za binadamu.

Mahakimu nao wana lao. Sheria ya 1998 inawaruhusu kumpa kazi ya huduma kwa jamii mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mama aliyenaswa na chang'aa akashindwa kulipa faini, ya nini aingie jela na mtoto mgongoni, ilhali angeweza kufagia zahanati ya kwao na jioni akarudi kupika?

Kwa wabunge ombi langu ni dogo: wakiandike upya kifungu cha 30, mtoto asitoke kabla afisa wa watoto hajamthibitisha mlezi, na mama aelezwe mlezi huyo ni nani na anaishi wapi.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa