Bakteria wa kulinda mpunga watafutwe katika matope ya Mwea

Kwa Mhariri,

Msimu uliopita jaruba langu moja la pishori lilitoa masuke yaliyosimama wima, meupe, mepesi mkononi. Suke lenye punje huinama. Haya yalikuwa mapepe matupu: blasti, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na kuvu, ilikuwa imekata shingo, ingawa nilikuwa nimepulizia dawa mara mbili.

Naomba watafiti wetu waelekeze macho chini, kwenye mizizi. Mwaka 2014, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani walichapisha habari za bakteria aliyetolewa kwenye udongo wa mizizi ya mpunga huko California. Walimwita EA105. Mbegu ya kuvu ya blasti ikitua kwenye jani lenye umande hujenga kifuko kigumu, ikakijaza shinikizo linalozidi la tairi la gari zaidi ya mara 30, kisha hutoboa jani. EA105 alizuia karibu kabisa vifuko hivyo visijengeke. Tena akiwekwa mizizini tu, mmea wote huamka na kujikinga, hata majani ambayo hajayagusa. Hilo ndilo lililonipa matumaini, maana sisi hupulizia tukiwa tumeshachelewa, madoa yenye umbo la jicho yakiwa yameenea.

Hayo yalikuwa majaribio ya maabara na ya miche. Lakini kule Tamil Nadu, India, wakulima hushauriwa kupaka mbegu unga wenye bakteria wa jamii hiyo, Pseudomonas fluorescens, gramu 10 kwa kila kilo, kabla ya kusia.

Kwa nini tusubiri bakteria wa kuagizwa? Yule wa California alipatikana katika mashamba ya California. Matope yetu yamelea mpunga tangu miaka ya 1950, na huenda yana bakteria wake waliozoea joto na maji ya hapa. Pishori yetu, yaani Basmati 370, ni dhaifu mbele ya blasti, lakini ndiyo inayosomesha watoto wetu. Hatutaiacha, kwa hiyo KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, na vyuo vikuu watusaidie kuilinda.

Jambo moja linanitia hofu. Bakteria ni kiumbe hai. Pakiti ikikaa miezi kwenye rafu ya duka la mabati wakati wa kiangazi, mkulima atanunua unga mtupu. Akiuchanganya na dawa ya shaba katika bomba moja, huenda akawaua mwenyewe. Pakiti za kwanza zikishindwa kwa sababu hizo, hakuna atakayezigusa tena hapa Mwea. Basi maafisa wa kilimo waje majarubani mapema kutufunza namna ya kuzihifadhi na kuzitumia, na watukumbushe pia kupunguza urea, kwa sababu mpunga ulioshibishwa naitrojeni kupita kiasi huikaribisha blasti.

Niko tayari kutoa robo ekari ya jaruba lile lile kwa majaribio ya msimu ujao. Maji yapo, na miche nitaotesha mwenyewe.

Mkulima wa pishori,
Mwea, Kaunti ya Kirinyaga