Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla hatujalipia leseni nyingine

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mkufunzi wa umeme katika taasisi moja ya kiufundi hapa Nairobi. Sitaitaja jina, maana ndiko ninakopatia unga.

Jumatatu moja muhula uliopita niliwakuta wanafunzi wangu wamesimama kwenye korido, simu mkononi. Kila aliyejaribu kuingia kwenye mfumo wa kozi zetu za mtandaoni alipata ukurasa mweupe wenye sentensi moja: leseni imekwisha, wasiliana na msimamizi. Msimamizi mwenyewe ni kampuni iliyotuuzia mfumo, na taasisi ilikuwa haijalipa.

Unajua kuwa katika mtaala huu wa umilisi mwanafunzi hapimwi kwa karatasi peke yake. Lazima awe na jalada la ushahidi, yaani picha na video za mikono yake ikifanya kazi. Mmoja wa wasichana wangu alikuwa amejirekodi akifunga nyaya za kisanduku cha kugawia umeme, toka waya wa kwanza hadi kupima. Simu aliazima kwa kaka yake. Video akaipandisha kipande kwa kipande, kwa bando za shilingi hamsini. Kisanduku chenyewe kilifunguliwa jioni ile ile ili wenzake nao wafanyie mazoezi. Tulipouliza, kampuni ilijibu kwamba data iko salama na tutaiona tukishalipa. Iko salama kweli, kama shati lililo kwa dobi na wewe huna pesa za kulikomboa.

Kulipia kitu si kosa, Mheshimiwa. Kinachoniuma ni kwamba tulilipia mlango na ufunguo tukauacha kwa muuzaji.

Zipo programu huria za kuendesha kozi, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi ya ndani yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote, na si ngeni hata kidogo. Mojawapo ni Moodle, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi akisomeshwa kwa redio, jambo ambalo watoto wetu walilionja shule zilipofungwa Machi 2020. Alipokuwa akisimamia mfumo wa kozi ulionunuliwa kwa kampuni katika chuo kikuu mjini Perth ndipo alipoanza kutengeneza wake. Leseni ya Moodle, iitwayo GPL, inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Kozi nzima, masomo, maswali na kazi za wanafunzi, hufungwa katika faili moja ambayo nikipenda naitia kwenye flashi na kuifungua katika seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayoendesha mfumo. Mwanafunzi naye hupakua masomo kwenye simu akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, akayasoma ndani ya matatu bila bando. Sina hisa huko. Wataalamu wako wakiona afadhali Open edX, iliyotokana na MIT na Harvard, au Chamilo, mimi sina neno. Msimbo wa zote uko wazi.

Lakini huria si bure, na hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Baada ya kisa kile nilinunua kompyuta ya mitumba, nikaweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, pamoja na Moodle, nikaiunganisha na mtandao wa chuo pale karakana. Wiki tatu nilijiona bingwa. Kisha nikaenda mazishini Kakamega. Siku ya pili simu ikaanza kuita: hakuna anayeweza kuingia. Niliporudi niligundua kuwa nilikuwa nimeiagiza mashine itengeneze nakala ya akiba kila usiku, nikasahau kuiambia ifute za zamani. Diski ilijaa mpaka juu. Kosa la fundi umeme aliyejipa kazi isiyo yake.

Kwa hiyo ninachoomba ni mtu. Tume ya Utumishi wa Umma inaajiri wakufunzi. Iajiri pia wasimamizi wa mifumo hii, hata kama mmoja atahudumia taasisi tano au sita za jirani. Mtu wa kusakinisha masasisho, kukagua nakala za akiba na kupokea simu usiku wa kuamkia mtihani. Kila taasisi haina haja ya seva yake. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa mwaka 1999, tayari hukodisha seva kwa wanachama wake, na zipo hapa hapa nchini. Hiyo fedha tunayopeleka kwenye leseni kila mwaka ilipe mishahara ya vijana tuliowafundisha kompyuta wenyewe halafu tukawaacha wakitembea na vyeti Moi Avenue.

Na pale ambapo taasisi itaona ni lazima inunue mfumo wa kampuni, kifungu kimoja kiwe katika kila mkataba: kozi, alama na majalada ni mali ya taasisi na wanafunzi wake, na mkataba ukiisha vitolewe vyote katika faili inayofunguka kwingine, bila malipo ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye data haki ya kuipata na kuihamisha. Yule msichana alikuwa na haki hiyo. Hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikuijua wakati ule.

Alirekodi upya. Ilimbidi angoje zamu ya kisanduku kwa siku tisa, na safari hii nilimpa simu yangu.

Ukipata nafasi, karibu karakana. Ile kompyuta iko chini ya meza ya pili, kando ya mashine ya kutoboa. Nakala za zamani nimezifuta. Leo asubuhi ilikuwa imebaki na gigabaiti 11.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa umeme, Nairobi