Somo la tovuti kwa Java lianze na ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wakufunzi wa vyuo vya Tanga, pamoja na vijana wanaojiandaa kusoma utengenezaji wa tovuti zinazoendeshwa na Java upande wa seva. Ombi letu ni moja: zoezi la kwanza linalogusa kanzidata, yaani ghala la taarifa la tovuti, liwe na neno "ng'ombe".

Chukua chama cha wafugaji kinachopokea maziwa kutoka Pongwe na Muheza. Karani anajaza fomu kwenye kivinjari, servleti, yaani programu ya Java iliyo kwenye seva, inaipokea, kanzidata inatunza. Mwanafunzi huunda amri ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, kwa kuunga vipande: "SELECT * FROM mifugo WHERE aina = '" + aina + "'". Akijaribu "mbuzi" au "kondoo", mambo shwari. Akiandika "ng'ombe", MySQL, programu inayoendesha kanzidata, huona maandishi yameishia kwenye "ng", kisha hukuta "ombe" isiyo na maana kwake, na karani huletewa kosa 500, la seva kushindwa kazi. Ritifaa yetu, yaani alama ya ' katika ng'ombe, ndiyo alama ileile inayofungua na kufunga maandishi katika SQL.

Hapo wengi hukimbilia kuifuta ritifaa na kutunza "ngombe". Hiyo si dawa. Atakayetafuta kwa tahajia sahihi hapati kitu, na mlango wa wizi unabaki wazi pale penye namba, kwa kuwa namba haizungushiwi ritifaa: mtu akituma "0 OR 1=1" mahali pa namba ya mfugaji, anamwagiwa orodha nzima. Dawa ni PreparedStatement, njia ya Java ya kupeleka amri na data kila moja peke yake: andika WHERE aina = ? kisha setString(1, aina). Hesabu ya alama za kuuliza inaanzia 1, si 0. Alama ya kuuliza isizungushiwe ritifaa, la sivyo inageuka maandishi ya kawaida na Java italalamika kwamba hakuna nafasi ya kujaza.

Kuna ritifaa ya pili pia, ile iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa kompyuta, hiyo ni herufi nyingine kabisa. Igeuzwe kuwa ya kawaida kabla ya kutunza na kabla ya kutafuta. Kwenye Tomcat 9, seva inayoendesha servleti, amri ya kutaja mfumo wa herufi, request.setCharacterEncoding("UTF-8"), iitwe kabla ya getParameter ya kwanza, ile inayosoma fomu; ikichelewa, ritifaa hiyo huingia kwenye kanzidata ikiwa takataka ya herufi tatu.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni kosa lisiloonekana darasani. Tomcat hutengeneza nakala moja tu ya servleti, na maombi ya watu wote hupita humo kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akitangaza "private double lita" juu, nje ya doPost, sehemu ya servleti inayopokea fomu, namba hiyo ni ya wote. Lita 12 za mfugaji wa Pongwe zinaweza kuandikwa kwa jina la mfugaji wa Muheza, bila kosa lolote kujitokeza, na mtu akapunjwa malipo yake. Anayejaribu peke yake haoni kitu. Mkufunzi aweke Thread.sleep(5000) kati ya kusoma fomu na kuandika kwenye kanzidata, kisha wanafunzi wawili watume namba tofauti ndani ya sekunde hizo tano. Matokeo yatajieleza. Data ya ombi moja ikae ndani ya doPost. Ya mtu aliyeingia na nywila yake ikae kwenye sesheni, kumbukumbu ya seva kwa kila mtumiaji, ambayo Tomcat huifuta baada ya dakika 30 za ukimya usipoibadilisha.

Kuhusu matoleo, tahadhari fupi. Tomcat 9 hutumia majina ya javax.servlet, kuanzia Tomcat 10 ni jakarta.servlet. Msimbo wa kitabu cha zamani ukiwekwa kwenye seva mpya huishia kwenye kosa 404, la ukurasa kutopatikana, au kosa la darasa la Java (class) lisilopatikana, na mwanafunzi hupoteza siku nzima akikagua anwani ya ukurasa. Chuo kichague toleo moja kwa muhula mzima, kigawe kwa flashi ili bando lisiliwe: Tomcat haifiki MB 20, na faili la JAR, kifurushi cha msimbo wa Java, la kuunganisha MySQL liwekwe ndani ya folda ya mradi iitwayo WEB-INF/lib.

Mradi wa mwisho nao usipewe alama kwa uzuri wa rangi. Msahihishaji aandike ng'ombe kwenye kisanduku cha kutafutia, atume lita hasi, abonyeze kitufe cha kutuma mara mbili, kisha afungue kanzidata na kuhesabu rekodi zilizoingia. Zikiwa mbili, mwanafunzi arudi kwenye meza yake aweke namba ya risiti isiyoruhusiwa kujirudia.

Wakufunzi wa programu za kompyuta,
Ngamiani, Tanga