Malalamiko kuhusu kompyuta iliyoandikwa "mpya" na kukatazwa kuikagua kabla ya kumalizia malipo

Moshi,
Februari 2026

Meneja Mauzo,
Duka la Kompyuta,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA MALIPO YA AWALI YA KOMPYUTA YA KUHARIRI VIDEO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninamiliki studio ya picha na video mjini Moshi. Tunapiga harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, na kompyuta niliyoiagiza kwenu ilikuwa ya kuhariri kazi hizo. Profoma (ankara ya awali) mliyonitumia ilikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo: Core i7, RAM 16GB, SSD 512GB, kadi ya grafiksi 4GB, pawa saplai wati 700, MPYA. Bei shilingi 1,850,000, na malipo ya awali shilingi 600,000 ili mashine iwekwe pembeni. Nililipa, na risiti ya EFD ninayo.

Nilipofika dukani kumalizia, niliomba iwashwe niione, kisha kifunguliwe kifuniko cha ubavuni niangalie ndani. Kuwasha, kijana wenu alikubali kwa shingo upande. Kufungua alikataa katakata: "Mama, hiyo stika ikichanika waranti imekufa." Nilipodai fedha yangu, jibu likawa adivansi hairudi.

Sasa niwaeleze nilichokiona, kwa kuwa kijana wenu alinijibu kana kwamba nimeikataa mashine kwa kisirani.

Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha hali ya mashine, ilionyesha prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Core i7-3770. Intel waliitoa Aprili 2012. Ni Core i7 kweli, hamkudanganya hapo, ila ni ya kizazi cha 3, na neno "i7" bila namba inayofuata halimwambii mnunuzi kitu. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina kore 4 (sehemu zinazopiga hesabu) na nyuzi 8 (kazi zinazoshikwa kwa pamoja) sawasawa na hiyo i7, na inaiacha mbali kwa kasi. Mteja asiyejua atalipa zaidi kwa sababu ya tarakimu 7. RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ilikuwa DDR3, aina ya zamani, nafasi zilizotumika 2 kati ya 2. Nikafungua msinfo32, programu ya Windows inayotaja vifaa vya mashine, jina la bodi kuu inayobeba vifaa vyote likatokea: H61.

Kwa fundi yeyote jina hilo linatosha. Chipseti ya H61, yaani chipu inayoongoza bodi, ni ya 2011, haipokei RAM zaidi ya 16GB, na njia zake za SATA, za kuunganishia diski, ni za gigabiti 3 kwa sekunde. Kwa hiyo RAM mnayoniuzia haina pa kuongezwa, na SSD ya SATA ambayo kwenye bodi ya kisasa ingefikisha takriban megabaiti 550 kwa sekunde, hapo haitafika hata 300. Ninakubali kwamba bodi yenyewe huenda imetoka kiwandani juzi, maana China bado kuna viwanda vinavyotengeneza bodi mpya kwa ajili ya prosesa za zamani. Lakini prosesa hiyo Intel waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita. Imetolewa kwenye mashine nyingine, ikawekwa ndani ya kasha jipya lenye feni za taa za rangi, na kwenye profoma ikaandikwa MPYA kwa herufi kubwa.

Kadi ya grafiksi ilikuwa GT 730, ya mwaka 2014. Hizo 4GB mlizozitaja ni ukubwa wa kumbukumbu yake, na ukubwa si kasi. Chini ya jina hilohilo ziko kadi zenye kumbukumbu ya GDDR5 zinazosafirisha takriban gigabaiti 40 kwa sekunde, na ziko za DDR3 zinazosafirisha 14. Nilimuuliza kijana wenu hii ni ipi; akasema zote ni 4GB.

Kwa kazi yangu hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kamera zetu zinarekodi 4K kwa H.265, mfumo wa kubana video. i7-3770 haina sehemu ya kufungua H.265 ndani yake, na GT 730 nayo haina, hivyo kila fremu ingepigwa hesabu na kore za prosesa peke yake. Bibi harusi anaingia ukumbini kwa kukwamakwama kwenye skrini, na mhariri wangu anangoja. Intel walianza kuweka uwezo huo kwenye prosesa za kizazi cha 6, mwaka 2015. Niliwaeleza tangu mwanzo kwamba mashine ni ya kuhariri video. Ujumbe ninao kwenye simu.

Juu ya hayo mmeiwekea Windows 11. Microsoft wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha 8. Mashine yenu iliingizwa kwa mlango wa nyuma, na Microsoft wanasema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho. Kurudi Windows 10 nako si suluhisho, kwani msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025.

Mtaniambia: mama, kama uliyajua haya yote bila kufungua, ulitaka kufungua nini? Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine. Prosesa, RAM, diski, kadi, vyote hujitaja vyenyewe mashine ikiwaka. Pawa saplai haijitaji popote. Lazima uione kwa macho na usome lebo yake. Tena ndiyo ikiharibika vibaya inaondoka na wenzake, diski ikiwemo. Kompyuta ninaweza kununua nyingine. Harusi ya mtu siwezi kuirudia ili niipige upya.

Nilichoweza kufanya ni kuchungulia nyuma ya kasha. Kulikuwa na swichi nyekundu ya 115 na 230. Pawa saplai nzuri za siku hizi hupokea volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa chochote. Swichi ile ni dalili ya muundo wa zamani na wa bei ya chini, na mtu akiisogeza kwenye 115 wakati anafuta vumbi, umeme wetu wa volti 230 utaimaliza papo hapo. Kisha nikaiona pawa saplai ya aina hiyohiyo kwenye shelfu yenu, inauzwa peke yake. Lebo inasema wati 700 kwa maandishi makubwa. Chini, kwenye jedwali, njia ya volti 12 imeandikwa ampea 18. Zidisha: wati 216. Na njia ya volti 12 ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiksi. Hizo nyingine karibu 500 zinatoka wapi? Nembo ya 80 Plus, inayothibitisha ufanisi wa pawa saplai, sikuiona. Huo ndio moyo wa mashine mliotaka niununue kwa kuangalia taa. Muuza maharage wa Mbuyuni hufungua gunia ukaingiza mkono mpaka chini, naye anauza kwa kilo.

Sina ugomvi na mitumba. Studio yangu inatumia kompyuta iliyotoka ofisini Ulaya, kizazi cha 8, iliyouzwa kama mtumba kwa bei ya mtumba, na inafanya kazi. Ninacholalamikia ni kuuziwa mtumba kwa jina la mpya, halafu stika ya waranti igeuzwe kufuli la kunizuia nisijue.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Kwanza, mnirudishie shilingi 600,000 zote ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mzigo sijauchukua, na mlichokileta hakilingani na maelezo ya profoma. Pili, kama mnapendelea kuniuzia mashine nyingine badala ya kurudisha fedha, nitumieni profoma inayotaja prosesa kwa namba kamili, bodi kwa jina, RAM ni DDR ngapi na nafasi ngapi zimebaki, SSD ya kampuni gani na ni SATA au NVMe (aina yenye kasi zaidi), kadi kwa jina na aina ya kumbukumbu, pamoja na picha ya lebo ya pawa saplai inayosomeka. Na fundi wenu aifungue mbele yangu kabla sijalipa salio, kisha abandike stika mpya mwenyewe. Kazi hiyo haimalizi hata dakika kumi.

Msiponijibu, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Nimeambatanisha nakala ya profoma, nakala ya risiti ya EFD, picha za skrini za Task Manager na msinfo32, na picha ya lebo ya pawa saplai niliyoipiga kwenye shelfu yenu. Fedha irudishwe kwenye namba ileile ya simu iliyotumika kulipia.

Wako,

Mmiliki,
Studio ya Picha na Video,
Moshi.